Pumzi, nyota na jiko la mkaa: majibu ya maswali yenu

Kipupwe kinapoanza, maswali mnayotutumia kwa ujumbe mfupi huwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya angani. Usiku wa Juni na Julai mara nyingi mbingu ni safi, na mtu akitoka nje kabla ya kulala anaona nyota nyingi kuliko wakati wa masika. Aina ya pili ni ya hewa. Baridi ikibana madirisha hufungwa, jiko huingizwa ndani, na watu huanza kuuliza kuhusu pumzi.

Mmetuuliza: ni kweli kwamba ukilala chini ya mti usiku unakunyang'anya hewa? Kwa nini nyota humetameta? Jua linawakaje kule juu ambako hakuna hewa? Na kwa nini watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani hawaamki?

Tumeona tuyajibu pamoja, kwa sababu majibu yake yanahusiana. Lakini kama muda wako ni mdogo au betri inakaribia kuisha, soma kwanza sehemu ya jiko la mkaa. Hiyo inaweza kuokoa maisha usiku wa leo.

Tunapovuta pumzi, tunavuta nini?

Wengi wetu tunafikiri tunavuta oksijeni tupu na kutoa hewa ukaa tupu. Sivyo. Hewa inayotuzunguka ni mchanganyiko. Ukiigawa mafungu 100, mafungu 78 ni gesi ya naitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu fungu 1 ni gesi iitwayo agoni. Hewa ukaa ni kidogo mno, haifiki hata sehemu ya kumi ya fungu moja.

Naitrojeni huingia mapafuni na kutoka bila kutumika. Tunachohitaji ni oksijeni, na hata hiyo hatuimalizi. Hewa tunayoitoa puani bado ina mafungu kama 16 ya oksijeni, na sasa ina mafungu kama 4 ya hewa ukaa. Ndiyo maana mtu aliyezama majini anaweza kupuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo na ikamsaidia: pumzi ya mwenzake, ingawa imeshatumika, bado ina oksijeni ya kutosha.

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi ni kama nusu lita, sawa na chupa ndogo ya maji ya dukani. Ukipiga hesabu ya siku nzima, ni zaidi ya mara 17,000. Mtoto mchanga hupumua haraka zaidi, mara 30 hadi 60 kwa dakika, kwa hiyo hewa ikiwa mbaya humdhuru mapema.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamia ya mamilioni. Kuta zake ni nyembamba mno: upande mmoja hewa, upande wa pili damu. Hapo oksijeni hupenya kuingia kwenye damu, na hewa ukaa hutoka kwenye damu ili tuipumue nje.

Oksijeni ikishaingia kwenye damu haielei ovyo. Inabebwa. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kiitwacho himoglobini, na ndani ya himoglobini kuna chuma. Ni madini yale yale ya chuma yaliyomo kwenye vidonge ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki ili kuongeza damu. Chuma hicho ndicho kinachoishika oksijeni na kuifikisha kwenye ubongo, moyo na misuli. Kikumbuke, maana tutakirudia kwenye swali la jiko na kwenye swali la nyota.

Kwa nini huwezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu?

Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa. Vuta pumzi, izuie, na uhesabu polepole. Baada ya muda kifua kitaanza kukusukuma, na mwishowe utaachia hata kama hutaki.

Wengi husema kinachokusukuma ni kuishiwa oksijeni. Ukweli ni tofauti. Kinachokusukuma hasa ni hewa ukaa kuongezeka ndani ya damu. Ubongo unaipima hewa ukaa muda wote, hata ukiwa usingizini, na ikizidi unapiga kengele: vuta pumzi! Kengele hiyo hutulinda karibu kila siku ya maisha yetu. Lakini ina udhaifu mmoja. Husikiliza zaidi hewa ukaa kuliko upungufu wa oksijeni. Kama oksijeni inapungua kwenye damu huku hewa ukaa inatoka kama kawaida, kengele inaweza isilie kabisa.

Je, mti hukunyang'anya hewa usiku?

Swali hili huletwa sana na wanafunzi, na tunaelewa limetoka wapi. Darasani wamefundishwa kwamba mchana majani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kutoa oksijeni, na kwamba usiku kazi hiyo husimama, mmea ukabaki kutumia oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi. Hayo ni kweli. Kosa ni kudhani kwamba kiasi hicho kinaweza kumdhuru mtu.

Mmea hautembei, haulimi, haupashi mwili wake joto. Matumizi yake ya oksijeni ni madogo. Ua lililo kwenye kopo chumbani linatumia oksijeni kidogo sana kuliko mtu unayelala naye kitanda kimoja, na hakuna anayemwogopa mwenzake kwa kuvuta hewa. Ukiwa nje chini ya mwembe, hewa inatembea na kujichanganya muda wote. Walinzi wa mashamba wanaokesha kufukuza nguruwe pori hulala chini ya miti msimu mzima na huamka salama.

Ukilala chini ya mti, jihadhari na nyoka, mbu na tawi lililooza. Hewa ya mti isikutishe. Kinachotusikitisha ni kwamba yupo mtu atakayetoa ua chumbani kwa kuogopa hewa yake, kisha akaingiza jiko la mkaa ili apate joto.

Kwa nini jiko la mkaa huua usingizini?

Moto unahitaji oksijeni kama sisi. Mkaa ukipata oksijeni ya kutosha, sehemu kubwa huungua na kuwa hewa ukaa. Usipoipata ya kutosha, huzaa kwa wingi gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Jiko la mkaa hutoa gesi hii hata likiwa nje, ila huko upepo huitawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya.

Kaboni monoksaidi haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikohozeshi. Hapo ndipo penye hatari. Moshi wa kuni unakukera, unatoa machozi, unakulazimisha kufungua mlango. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, unaonekana salama. Watu huusubiri nje mpaka moshi uishe ndipo waingize jiko chumbani, wakiamini kwamba sumu ni moshi. Sumu kubwa ni ile wasiyoiona.

Gesi hii ikifika mapafuni hupenya kwenye damu na kukamata kile chuma tulichokitaja. Hukishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyokishika. Fikiria basi ambalo abiria wabaya wamewahi viti vyote na hawataki kushuka. Basi linatembea, linasimama kila kituo, lakini oksijeni haipati pa kukaa. Damu inazunguka, moyo unadunda, mapafu yanafanya kazi, na bado ubongo una njaa.

Je, kengele ya mwili hailii? Hailii, kwa sababu hewa ukaa inaendelea kutoka mapafuni kama kawaida. Mtu hahisi kukabwa pumzi. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na usingizi mzito. Anadhani ni malaria au uchovu wa shamba, anajilaza, na huko kujilaza kunammaliza. Aliyekwisha kulala hahisi lolote.

Asubuhi mlango unavunjwa. Baba, mama na watoto wamelala kama walivyojifunika, hakuna jeraha, hakuna damu. Maneno huanza papo hapo: wamelishwa sumu, wamerogwa. Anatafutwa jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba, au bibi mmoja mwenye macho mekundu. Msiba mmoja unazaa mwingine. Tunawaomba sana: likitokea jambo kama hilo kijijini kwenu, kabla hamjamnyooshea mtu kidole, angalieni kama kuna jiko chumbani. Na wito wa kwanza uende kwa polisi na wahudumu wa afya.

Mambo ya kufanya na kuepuka

Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kwa muda mfupi, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Makaa yaliyofunikwa bado yanaungua polepole na yanatoa gesi. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Beseni la maji karibu na jiko halisaidii kitu, kwa sababu gesi hii haivutwi na maji.

Kama unahitaji joto, ota moto nje au kwenye jiko lililo wazi, kisha uingie ulale. Ongeza blanketi, vaa soksi, walaze watoto pamoja. Unaweza kutia maji ya moto kwenye chupa imara, ukaifunga vizuri, ukaiviringisha kitambaa na kuiweka miguuni.

Wafugaji wa kuku, hili linawahusu. Wengi wenu mnatumia jiko la mkaa kupasha joto banda la vifaranga, na mara nyingine kijana analala humo humo awaangalie. Asilale humo. Banda liwe na matundu ya kupitisha hewa kwa juu, na anayekagua aingie, aangalie, atoke.

Jenereta na pikipiki nazo hutoa gesi hii hii. Zisiwashwe ndani ya nyumba, dukani kulikofungwa wala varandani karibu na dirisha la chumba cha kulala.

Kama watu kadhaa katika nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo ni dalili kubwa. Tokeni wote, hata mtoto aliyelala. Msimwache akidhaniwa amechoka.

Ukimkuta mtu amezimia kwenye chumba chenye jiko, usiingie na kuanza kumhudumia humo humo, utaanguka juu yake. Ita watu. Fungua mlango na madirisha, vuta pumzi ukiwa nje, ingia haraka, mburute mpaka penye hewa safi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomo kwa mdomo na kukandamiza kifua ikiwa umefundishwa, huku wengine wakitafuta usafiri. Usimpe maziwa. Maziwa hayaifikii gesi iliyo ndani ya damu, na mtu aliyezimia yanaweza kumpalia.

Mpeleke kituo cha afya hata kama amezinduka na anasema yuko sawa, na uwaambie wahudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko la mkaa. Wasipoambiwa wanaweza kutafuta malaria. Katika hewa ya kawaida, huchukua muda wa saa 4 hadi 5 kwa nusu tu ya gesi hiyo kutoka kwenye damu. Akivutishwa oksijeni kwa barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja na nusu hivi. Ndiyo maana hospitali ni muhimu.

Jua linawakaje bila hewa?

Aliyetuuliza swali hili amefikiri vizuri. Kama mkaa hauwezi kuwaka bila oksijeni, na huko angani hakuna hewa, jua linawakaje?

Jibu ni kwamba jua haliungui kama mkaa. Jua ni tufe kubwa la gesi, nyingi ikiwa haidrojeni. Katikati yake gesi hiyo imebanwa kwa uzito mkubwa ajabu na joto lake hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Katika hali hiyo, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana kuwa gesi nyingine, heliamu. Muungano huo hutoa nishati nyingi sana, na ndiyo inayotufikia kama mwanga na joto. Haihitaji oksijeni hata kidogo.

Jua limekuwa likifanya kazi hiyo kwa miaka kama bilioni 4.6, na lina haidrojeni ya kuliwezesha kuendelea kwa mabilioni mengine. Nalo ni nyota kama zile za usiku. Linaonekana kubwa kwa kuwa liko karibu nasi, kilomita milioni 150. Mwanga wake hutumia dakika 8 na kidogo kutufikia.

Nyota nyingine ziko mbali zaidi. Jioni za Juni na Julai, angalia upande wa kusini. Utaona nyota nne zilizojipanga kama msalaba, ziitwazo Msalaba wa Kusini, na kando yake nyota mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba inaitwa Alpha Centauri. Ni miongoni mwa majirani wa karibu kabisa wa jua letu, na bado mwanga wake huchukua zaidi ya miaka 4 kufika hapa. Mwanga utakaouona usiku huu ulianza safari kabla mtoto wako wa miaka minne hajazaliwa.

Kwa nini nyota humetameta?

Nyota yenyewe haimetimeti. Inayoichezesha ni hewa yetu, hii hii tunayoivuta.

Tazama kitu kilicho upande wa pili wa jiko linalowaka, ukiangalia juu kidogo ya makaa. Kitu hicho kitaonekana kinatikisika. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na mwanga ukipita katikati yake unapindapinda. Mwanga wa nyota nao, baada ya safari ya miaka mingi, hupita kwenye tabaka za hewa yenye joto na baridi tofauti, zinazotembea. Unapindishwa huku na huko, na jicho linaona nyota ikiwaka na kufifia.

Nyota iliyo chini karibu na upeo humetameta zaidi, maana mwanga wake umepita kwenye hewa nyingi zaidi. Sayari kama Zuhura na Mshtarii hazimetimeti sana. Ziko karibu kuliko nyota, kwa hiyo mwanga wake hautokei kwenye nukta moja tu. Ukiona kitu king'aavu kimetulia tuli angani, huenda ni sayari.

Nyota ikianguka, nani amekufa?

Hakuna aliyekufa, na hakuna nyota iliyoanguka. Nyota ni kitu kikubwa mno. Ndani ya jua letu zingeingia dunia zaidi ya milioni moja. Unachokiona kikikatiza angani ni kimondo, na mara nyingi ni kipande kidogo cha jiwe, pengine kama punje ya mchanga. Kinaingia kwenye hewa yetu kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde moja, hewa iliyo mbele yake inabanwa na kupata joto kali, na kinateketea kikiwa juu kama kilomita 100. Hewa inayotupa uhai ndiyo inayotukinga na mawe hayo.

Vichache ni vikubwa na hufika chini. Kimoja wapo tunacho Tanzania: kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi, na sehemu kubwa yake ni chuma.

Na hapa tunakirudia chuma. Wanasayansi wanaeleza kwamba mwanzoni kabisa ulimwengu haukuwa na chuma wala oksijeni. Vyote viwili vilitengenezwa na nyota za zamani, zilizoishi na kufa kabla jua letu halijakuwepo. Zilipokufa, nyingine kwa kulipuka, zilivitawanya angani, na kutokana na vumbi hilo vikapatikana dunia, kimondo cha Mbozi, jembe lako, na kile chuma kidogo kilichomo kwenye damu yako, kinachobeba oksijeni kila unapovuta pumzi.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, toa jiko nje. Ukishalitua mahali salama, mbali na watoto na mifugo, simama kidogo uangalie juu upande wa kusini. Kisha ingia ndani ulale. Na kama unamjua mtu ambaye bado analala na jiko, msomee makala hii au mpigie simu. Maswali mengine endeleeni kuyatuma, tutayajibu hewani na hapa.